Maji Niliyoyamwaga

Wiki iliyopita nilikwenda Mtwapa kumtazama binti wa ndugu yangu, ambaye amefungua saluni karibu na stendi. Nilimkuta anamfuta mteja rangi ya kucha. Alikuwa amelowesha pamba kwa ile dawa ya kufutia, na harufu yake, tamu na kali kama ya nanasi lililopitiliza kuiva, ikanifikia kabla sijapiga hodi. Nilishindwa kuingia. Nilisimama mlangoni nimeshika ukuta mpaka binti akaacha kazi yake akaja kuniuliza, "Shangazi, una nini?"

Nikamwambia ni jua. Halikuwa jua. Ile ilikuwa harufu ya pumzi za mama yangu, usiku, mwaka niliokuwa darasa la tatu, nilipoamini kwamba mtu aliyelala karibu yangu hakuwa mama tena.

Tulikaa Malindi, mtaa wa Shela, katika nyumba ya vyumba viwili yenye paa la makuti na ua mdogo nyuma. Baba alikuwa askari wa usiku katika hoteli moja ya Wazungu. Akishaswali Magharibi huvaa koti lake la kaki, huchukua rungu na tochi, na hatumwoni tena mpaka asubuhi, sisi tukinywa chai naye akitafuta pa kujinyoosha. Kwa hiyo usiku nyumba ilikuwa ya watu watatu. Mama alilala kitandani na mdogo wangu Abdalla, ambaye alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Mimi nililala chini, juu ya mkeka, miguu yangu ikielekea mlango wa uani.

Kilichoniamsha mara ya kwanza kilikuwa mtalawanda. Vijana wa leo hawavijui viatu hivyo: ni vya mbao, vina kijiti cha kubana kwa vidole, na kila nyumba ilikuwa na jozi moja mlangoni ya kuendea msalani. Nilisikia ko, ko, ko, kuvuka ua. Kisha kimya. Kisha ko, ko, ko, kurudi. Halafu kata ikagonga ndani ya mtungi wa maji uliokuwa pembeni mwa chumba, na koo la mama likasikika likimeza, likimeza, likimeza, kama mtu aliyetoka kulima.

Sikuogopa. Watu huamka usiku kwa sababu nyingi, na karibu zote nilizijua: mbu, joto, kikohozi, paka wanaopigana juu ya makuti, mtoto anayelia, kibofu kilichojaa. Niligeuka nikalala.

Lakini usiku uliofuata aliamka mara mbili, na baada ya siku chache mara nne. Nilianza kuhesabu kwa vidole, chini ya leso yangu. Kila aliporudi nilikunja kidole kimoja. Ulipofika usiku ambao vidole vya mkono mmoja havikutosha, ndipo nilipoanza kuamka kabla yake, nikilala macho wazi, nikingojea zile mbao zigonge.

Mchana nako mambo yalikuwa yanabadilika. Mama alikuwa mshonaji wa kofia, zile nyeupe zenye matundu madogo madogo yanayozungushiwa uzi, na mtaani ilijulikana kwamba mkono wake ulikuwa mwepesi na jicho lake kali. Sasa alikuwa akikaa kizingitini na sindano, akiinua, akishusha, akisogeza mbali, uzi haupiti.

"Hebu nitungie," akaniambia siku moja.

Nikamtungia. Baada ya muda mfupi akaniita tena. Siku ile nilitunga sindano mara nyingi nisizozikumbuka, na kila mara nilimtazama usoni, nikaona anatazama mahali nilipo kana kwamba nimesimama nyuma ya moshi.

Alikuwa anakula sana. Alikuwa anamaliza wali wake, anakomba sufuria, anachukua na ukoko, na bado anakonda. Leso aliyokuwa akijifunga mzunguko mmoja ikawa inazunguka mara mbili. Bangili yake ya fedha, iliyokuwa haivuki kifundo bila sabuni, ikawa inashuka yenyewe mpaka kwenye vidole, mwisho akaivua akaiweka kabatini.

Jirani yetu Bi Rehema, mjane aliyekuwa na kibanda cha mkaa na mafuta ya taa, alicheka alipomwona. "Mwanaidi, wewe una mimba."

"Mimba gani hii inayonikausha, bibi?" mama akajibu. "Ni joto tu. Nakunywa maji, kiu haikatiki."

Kisha wakaja sisimizi. Kazi yangu ya asubuhi kabla ya shule ilikuwa kufagia ua, na asubuhi hiyo nilikuta mstari mrefu wa sisimizi umetoka chini ya ukuta umeingia msalani. Walikuwa wamejaa kwenye sakafu ya saruji, pale mama anapochutama. Walikuwa juu ya mtalawanda wa kushoto, wamekusanyika kwenye doa dogo lililokauka, wakilila. Nilidhani mtu amemwaga sukari. Nilimwita mama aje aone. Alitazama, akachota jivu jikoni akalimwaga juu yao. Kesho yake walikuwa wamerudi.

Mtu niliyemweleza ni mmoja tu, Zuhura, mjukuu wa Bi Rehema. Alinizidi miaka mitatu, na kwangu hakukuwa na jambo asilolijua. Tulikuwa nyuma ya magunia ya mkaa, tunakula maembe mabichi kwa chumvi na pilipili, nikamsimulia yote, toka mtalawanda mpaka sisimizi. Zuhura aliacha kutafuna.

"Huyo ni jini wa baharini," akasema.

"Wajuaje?"

"Amezoea maji. Akimwingia mtu, mtu huyo hakati kiu. Na chakula anakula mama yako lakini anayeshiba ni yeye, ndiyo sababu mama yako akonda. Hao sisimizi wafuata utamu wake. Majini hupenda vitu vitamu, marashi na asali. Hukusikia harufu?"

"Harufu gani?"

"Bado, basi. Siku utakayosikia harufu tamu mdomoni mwake, jua mama yako ameshatoka. Aliyebaki ni yule."

Nililiweka embe chini. Nikamuuliza mtu kama huyo hufanywa nini. Zuhura alijibu kwa utulivu wa mtu anayeeleza namna ya kukanda unga wa mahamri: hunyimwa maji. Siku tatu. Jini akikosa maji hawezi kukaa, hutoka mwenyewe akarudi alikotoka.

"Lakini usimwambie mtu," akaongeza. "Akisikia kwamba wajua, atakuhamia wewe."

Sikumwambia mtu. Baba nilimwona asubuhi amelala kifudifudi na koti lake la kaki, mdomo wazi, nikasimama karibu yake mpaka kengele ya shule ikalia mbali, na sikumwamsha. Darasani nilisinzia. Mwalimu alinisimamisha, na yale maziwa ya shule ya pakiti za pembe tatu niliyarudisha nyumbani bila kuyafungua, nikampa Abdalla.

Harufu ilikuja usiku wa Ijumaa. Mama alikuwa ametoka nje mara ya tatu, amekunywa, nami nimefunga macho. Badala ya kupanda kitandani, alikuja mkekani kwangu. Nilisikia magoti yake yakilia alipoinama. Leso yangu ilikuwa imenivuka miguuni, akaivuta akanifunika mpaka shingoni, na uso wake ukawa juu ya uso wangu kabisa. Akapumua. Ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu kama tunda lililosahauliwa kikapuni, na chini ya utamu ule mlikuwa na ukali uliochoma pua. Nilibana pumzi. Aliendelea kuinama pale, sijui kwa nini, muda ambao ulinitosha kuamini kwamba ananinusa. Mkono wake ukanigusa shavu, mkavu kama karatasi. Nilikojoa pale pale mkekani, mimi wa darasa la tatu, na sikusogea mpaka alfajiri.

Usiku uliofuata nilisubiri mpaka pumzi zake zikawa nzito. Maji ya bomba yalikuwa hayatoki usiku, na mtungi wetu ulijazwa asubuhi na jioni na Kazungu, mchota maji, kwa mkokoteni wake. Kwa hiyo ndani ya mtungi ule mlikuwa na maji yote ya nyumba. Niliyateka kata baada ya kata, nikayapeleka uani, nikayamwaga taratibu kwenye mchanga kando ya ukuta ili yasitoe sauti. Ndoo ya kuogea nayo niliimwaga. Kisha nikarudi mkekani, mikono imelowa, nikangojea.

Mtalawanda ukagonga, ukaenda, ukarudi. Kata ikaingia mtungini ikakwaruza udongo mtupu. Mama akakwaruza tena. Akainamisha mtungi. "Nani amemaliza maji?" akasema kwa sauti ndogo, na sauti yenyewe ilikuwa yake kabisa, sauti ya mama, nikajiambia jini ni mjanja. Alikaa kitandani mpaka adhana ya alfajiri. Kazungu alipobisha, mama alichukua debe la kwanza akanywa kwa mdomo wa debe, amesimama mlangoni, maji yakimtiririka kifuani. Kazungu akaangalia kando kwa heshima.

Usiku wa pili nilifanya vile vile. Safari hii mama alitoka uani akakaa huko muda mrefu mno. Nilisikia akigusa ndoo, akigusa sufuria moja moja. Aliporudi hakupanda kitandani mara moja. Alisimama. Nilijua ananitazama ingawa nilikuwa nimemgeuzia mgongo.

Siku ya tatu hakushona. Alilala mchana kutwa, akatapika mara mbili, akalalamika tumbo. Baba alidhani ni malaria, akaenda dukani kununua vidonge, akasema kama hakuna nafuu kesho watakwenda hospitali. Jioni alivaa koti lake polepole kuliko siku zote. Mlangoni akanishika bega.

"Mwangalie mama yako," akaniambia. "Wewe ndiye mkubwa hapa."

"Haya, baba," nikasema. Alipokunja kona tu, nikaenda kwenye mtungi.

Sijui ilikuwa saa ngapi mama aliponiita. Kandili ilikuwa imeteremshwa utambi, chumba chekundu chekundu. Hakuwa ameamka kwenda nje. Alikuwa amelala chali, na ulimi wake ulibofya kila aliposema, kama unabanduliwa.

"Mwanangu."

"Labeka."

"Niletee maji."

Nikasema, "Hamna."

"Hamna kabisa?"

"Hamna."

Aligeuza kichwa akanitazama. Macho yake yalikuwa yamezama ndani, nami nilisimama nimejishika leso kifuani, nikisubiri anirukie. Hakunigombeza. Alinitazama mpaka nikaangalia chini. Kisha akasema, "Haya. Lala."

Baada ya hapo zikaanza pumzi. Zilikuwa pumzi za mtu anayekimbia, ndefu, za nguvu, zinazovutwa kutoka tumboni, ilhali yeye amelala hata mkono hausogei. Chumba kikajaa ile harufu. Niliziba masikio. Nilijiambia, anatoka, Zuhura alisema atatoka, vumilia. Ndipo Abdalla akaamka. Alimpanda mama kifuani kama alivyozoea, akamwita, "Mama," akampiga kofi dogo shavuni kumwamsha. Kichwa cha mama kikageukia upande kilikopigwa kikakaa huko huko. Macho yalikuwa nusu wazi. Abdalla akampiga tena, akanitazama mimi, mdomo wake ukaanza kutetemeka.

Zuhura hakuniambia kwamba jini akiondoka anaweza kuondoka na mama.

Nilitoka mbio bila viatu. Nilipiga mlango wa Bi Rehema kwa mikono miwili, nikipiga kelele, "Maji! Nipe maji! Mama anakufa!" Bi Rehema alitoka na leso moja, kandili mkononi. Alipoingia chumbani kwetu alisema "Ya Rabi" mara moja tu, halafu akawa mtu wa kazi. Alimlowesha mama midomo. Alimwamsha Kazungu, aliyekuwa akilala kando ya kibanda cha mkaa, na wote wawili wakamweka mama na godoro lake juu ya mkokoteni. Nilimbeba Abdalla mgongoni. Ule mlio wa magurudumu kwenye barabara ya kokoto, na mkono wa mama ukining'inia kando ukitikisika, sitausahau. Nilikuwa naurudisha juu, unaanguka, naurudisha.

Hospitalini alikuwapo muuguzi mmoja mnene, mtu wa Marafa kwa lafudhi yake. Alimpima mama joto, akakunja uso. Hakuwa na homa. Bi Rehema akaeleza kuhusu vidonge vya malaria. Baba akafika, ameitwa kazini, rungu bado mkononi, akaeleza hayo hayo. Kila mtu alieleza siku moja tu, ile ya jana.

"Nani analala naye?" muuguzi akauliza.

Bi Rehema akanionyesha kwa kidevu.

Muuguzi akachutama mbele yangu. "Mama yako usiku analala vizuri?"

Nilitazama pazia ambalo mama alikuwa nyuma yake. Niliogopa yule wa ndani atanisikia. Lakini pumzi zile zilikuwa zinasikika mpaka pale tulipo, na nilizijua kuliko mtu yeyote pale.

"Haamki mara moja," nikasema. "Anaamka mara saba. Zamani zilikuwa nne."

"Kufanya nini?"

Nikamwambia. Msalani, mtungi, msalani, mtungi. Wali na ukoko. Sindano. Bangili. Nilipofika kwa sisimizi muuguzi akanishika mkono.

"Sisimizi kwenye mkojo?"

"Ndiyo. Na mdomo wake unanuka tunda."

Aliinuka akaenda nyuma ya pazia, nikamwona akiinamisha pua yake kwenye mdomo wa mama bila woga wowote. Akaita daktari. Wakatia mkojo wa mama matone machache katika kichupa chenye maji ya buluu, wakakipasha juu ya moto mdogo wa spiriti. Nilikuwa naona yote kupitia upenyo wa pazia. Buluu ikawa kijani, kijani ikawa manjano, na manjano ikageuka, mbele ya macho yangu, ikawa nyekundu ya tofali. Nilijua nimemwona yule jini. Nilijua wamemtoa wamemtia katika kichupa, na kwa miaka kadhaa baadaye, hata nilipokwisha kusoma sayansi shuleni, sehemu moja ndani yangu iliendelea kuamini hivyo.

Daktari alimwambia baba kwamba mama ana ugonjwa wa sukari.

"Sukari?" baba akasema. "Sisi chai yetu twaitia sukari kidogo tu."

Daktari akamweleza. Kisha akasema neno ambalo hakujua kwamba nalisikia mimi. Alisema kilichomweka mama hai wiki zote zile ni yale maji aliyokuwa akiyanywa. Angekosa maji tangu mwanzo, baba angekuwa ameitwa kwa jambo lingine.

Mama alirudi nyumbani baada ya siku tisa, amenyooka, macho yametulia. Baba alijifunza kumchoma sindano, bomba la kioo likichemshwa kwenye sufuria ndogo kila asubuhi kabla hajalala. Aliacha kazi ya usiku, akapata ya mchana kwenye ghala la korosho, mshahara mdogo zaidi. Mama alirudia kofia zake. Zuhura hakuniuliza kitu, nami sikumwambia kitu, tukawa tunasalimiana kama watu wazima.

Mimi sikulala. Mtalawanda uliacha kugonga, na sasa kilichoniamsha kilikuwa kimya chenyewe. Niliamka nikatega sikio kwenye pumzi za mama, nikahofu ameacha kupumua, na nikahofu zaidi kwamba anajua. Kila aliponituma maji, nilimletea kata iliyojaa mpaka ukingoni. Nilikua na jambo hilo, nikaolewa nalo, na mara nyingi nilifungua kinywa kumwambia nikaishia kuzungumzia bei ya samaki.

Nilimwambia nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza. Alikuja kukaa nami siku arubaini, kama ilivyo desturi, akalala chumba kimoja nami na mtoto. Usiku mmoja mtoto aliamka kunyonya na mama akaamka naye. Taa ilikuwa imezimwa. Pengine kwa kuwa sikumwona uso, nilisema.

"Mama, yale maji ya mtungi mwaka ule ulipougua. Nilikuwa nayamwaga mimi."

"Najua," akasema.

Mtoto aliacha kunyonya akaanza tena.

"Wajua tangu lini?"

"Usiku wa pili. Nilikuwa macho. Nilikuona na kata, wamwaga pole pole, macho makavu kama mtu aliyelala. Kisha kila nikiamka nakukuta wanitazama gizani. Nikasema, mwanangu amechukuliwa na jini."

"Mbona hukumwambia baba?"

"Ningemwambia nini? Wakati ule kulikuwa na mzee mmoja upande wa Magarini, watu walimpelekea watoto wa namna hiyo, na yeye dawa yake ilikuwa bakora. Nilimwona mtoto mmoja aliyetoka kwake, hakuwa anasimama. Ningesema sina maji, baba yako angeuliza nani ameyamwaga. Nikaona bora nikae na kiu."

Alilisema hilo kama mtu anayeeleza kwa nini alinunua kitambaa hiki akaacha kile. Kisha akanyoosha mikono gizani nimpe mtoto.